Mistari ya kwilti haitoki, imepotea au imerudi: tafuta kilichoigusa kabla hujanunua kalamu nyingine

Baridi ya mwezi wa sita ikianza kushuka Arusha oda za kwilti zinaongezeka, na oda zikiongezeka na maswali yanaongezeka, dada mistari ya bluu imegoma kutoka, dada nimeamka mistari yote haipo, dada mteja yuko Ulaya katuma picha mistari imerudi. Na wengi swali lao la mwisho ni lile lile, niambie basi kalamu ipi nzuri nikanunue. Hapo ndo huwa naomba tusikimbilie dukani kwanza. Kalamu nzuri kwa kila kitambaa haipo. Kila alama ina kitu kinachoitoa na ina kitu kinachoigandisha, ukivijua hivyo viwili utachagua mwenyewe hata kama ulichonacho ni chaki ya shule na kipande cha sabuni, usipovijua hata kalamu ya bei mbaya itakuharibia kazi ya mteja.

Kwa ambaye ndo anaanza, kwilti ni matabaka matatu, kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, na mistari tunayoongelea hapa ni ile ya kuongoza sindano wakati wa kuyashika matabaka pamoja. Kazi yake ni ya muda tu, ikishashonwa iondoke. Kwahiyo shida karibu zote zinaangukia kwenye hizi: imebaki, imeondoka mapema, au imeondoka halafu imerudi.

Ukipata shida usianze kusugua. Jiulize kwanza alama ilipigwa na nini, kitambaa kilikuwa kipya na wanga wake au kilishafuliwa, alama imekaa siku ngapi, na tangu ipigwe imeguswa na nini, pasi, sabuni, jua, mvuke. Hilo la mwisho ndo mara nyingi lenye jibu.

Bluu imegeuka kahawia na maji hayaitoi

Kalamu ya bluu ya kufutika kwa maji inaogopa moto. Wino wake ukipata pasi unajishika kwenye nyuzi, na ukishabadilika kuwa kahawia maji peke yake hayana la kufanya tena. Mama mmoja aliniletea kwilti ya mtoto mchanga, bafta nyeupe juu, mistari ya almasi kutoka kona mpaka kona, kashona vizuri mno, ila kabla hajaiosha aliinyoosha na pasi ya mkaa ili apige picha amtumie mteja. Tuliidondoshea maji pembeni kabisa, pale karibu na ukingo ambapo pasi haikufika, bluu ikaondoka hapo hapo tunaangalia. Tukasogea katikati, mstari ule ule, kalamu ile ile, siku ile ile, umekuwa rangi ya chai, tone likalowanisha kitambaa na mstari ukabaki kama ulivyokuwa. Ukiona tofauti ya namna hiyo kwenye mstari mmoja basi usilaumu kalamu, chanzo ni joto.

Na joto sio pasi peke yake. Maji ya moto ya kulowekea ni joto. Gari lililopaki juani Moshi mchana na mfuko wa kwilti uko kwenye dashibodi, hilo ni joto kubwa sana. Hata kuianika kwenye jua kali kabla wino haujasuuzwa sio salama. Sabuni nayo inaingia hapa, maana poda nyingi za kufulia zina alkali na zikiukuta wino bado umo ndani zinaweza kuugandisha, unakuta mtu kaogopa doa akakimbilia poda nyingi na maji ya moto, yani kaleta maadui wote wawili kwa pamoja.

Utaratibu ni maji baridi matupu kwanza, mengi, kwilti nzima ndani ya beseni, nusu saa hivi, mwaga, weka mengine, mpaka uangalie kwenye mwanga wa dirisha huoni bluu popote. Baada ya hapo ndo sabuni, baada ya sabuni ndo jua, na pasi inakuja mwisho kabisa. Huo mpangilio usiubadilishe hata kama mteja amesimama mlangoni.

Kama ishakuwa kahawia, rudia kuloweka na maji baridi, kuna inayofifia taratibu. Kwenye pamba nyeupe tupu unaweza kujaribu ile poda ya kung'arisha isiyo na klorini, lakini anzia kona isiyoonekana. Jiki usiiguse, inadhoofisha nyuzi za pamba na inakula rangi ya kitenge, unaweza kuishia na mstari bado upo na kitambaa kimeharibika.

Bluu ilitoka, kwilti ikakauka, bluu imerudi

Hii haina uhusiano na pasi. Hapa chanzo ni maji kidogo. Umepulizia kwa chupa, juu pamekuwa peupe, ukaridhika. Kumbe wino haujaondoka, umesukumwa chini kwenye pamba ya katikati, na kwilti inavyokauka maji yanapanda juu kutoka kwenye pamba na wino unapanda nayo, ndo maana unaukuta umetokea tena kama kivuli, mara nyingine umehama kidogo kutoka pale ulipokuwa. Kupulizia kunafaa kwa kitambaa kimoja ambacho hakijawekewa pamba. Kwilti iliyokamilika lazima izame. Ndio, inakuwa nzito na huwezi kuikamua kwa kuisokota maana utavuta mishono, unaiinua na mikono miwili chini, unaibana kwenye taulo kubwa, halafu unaitandaza. Kazi ni kubwa, lakini ukishaifanya vizuri mara moja hiyo bluu huioni tena.

Zambarau imepotea kabla sijashona

Kalamu ya zambarau inayojifuta yenyewe kwa hewa inaandikwa kwamba inakaa siku moja mpaka tatu hivi, ila hiyo inategemea kitambaa na hali ya hewa, na unyevu unaiharakisha. Masika ya mwezi wa nne ukungu umekaa Arusha tangu asubuhi, unaweza kuchora kabla ya chakula cha mchana na jioni ukabaki unabahatisha. Hakuna dawa ya kuizuia. Dawa ni kuchora eneo utakaloshona kwa kikao hicho hicho, ukifika mwisho unachora lingine. Ukiwa na kazi ya kushona kwa mkono ya wiki nzima hiyo kalamu iache kabisa, haikuhusu.

Na kupotea kwake kusikudanganye kwamba wino umeondoka. Baadhi ya hizi kalamu rangi yake inaonekana kwenye alkali na inapotea hewa inapoipunguza ile alkali, kwahiyo ukija kufua na poda rangi inaweza kuchomoza tena. Ndo maana hata hii nashauri isuuzwe na maji matupu kabla ya sabuni, na kabla ya pasi.

Kalamu ya pasi: imefutika vizuri halafu imerudi, au imeacha mstari mweupe

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kalamu inayopendwa kuliko zote, inapatikana mpaka kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, inachora laini, na ukipitisha pasi mstari unapotea palepale. Inayojulikana zaidi ni Frixion ya Pilot, na kwanza ieleweke ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi. Wino wake haufutiki, unakuwa hauna rangi tu ukifika joto la nyuzi 60 hivi. Ukipoa sana, kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri kushuka, rangi inaanza kurudi, na ikifika 20 chini ya sifuri inarudi vizuri kabisa.

Sasa mtu wa Moshi atasema huku kwetu hakuna baridi hiyo. Kwenye nyumba zetu kweli hakuna. Ila fikiria nani ananunua kwilti ya kitenge Arusha na Moshi, wengi ni wageni, wameshuka mlimani au wametoka mbugani, wanaibeba kwenda nchi ambazo mwezi wa kwanza gari likilala nje linaganda. Kwilti inakaa kwenye buti usiku mmoja, asubuhi mteja anakuta mistari yote ya fundi ipo juu ya zawadi aliyomnunulia mama yake. Huyo hawezi kukurudishia, na wenzake hawezi kuwaelekeza kwako.

Ukitaka kujionea fanya hivi, haina gharama. Chukua kipande cha kitambaa kile kile cha oda, chora mistari mitatu, futa na pasi mpaka usione kitu, kiweke kwenye mfuko wa nailoni kikalale kwenye friza la nyumbani. Friza nyingi zinakaa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi kitoe ukiangalie kabla hakijapata joto la mkono, utaiona. Halafu kingine kifue kwanza na sabuni ndo ukiweke kwenye friza, ulinganishe, maana kufua kunasaidia kwenye vitambaa vingine na vingine haisaidii kivile.

Shida yake ya pili ni vitambaa vya rangi nzito. Kwenye bluu iliyoiva, nyeusi, zambarau ya kitenge, unafuta mstari na pasi unakuta pamebaki mstari mweupe kama pamepauka. Hiyo mara nyingi haitoki, maana inaweza kuwa ni rangi ya kitambaa chenyewe imeguswa. Mi kalamu ya pasi naiweka kwenye kazi moja, kuchora sehemu ya kukata na kuunganisha, kule ndani ya mshono ambako hata ikirudi hakuna atakayeiona. Juu ya uso wa kwilti siiweki.

Chaki inapukutika, mstari mnene, au imeacha mafuta

Chaki ya fundi ziko za aina mbili na dukani zimekaa kwenye boksi moja. Kuna ya udongo, kavu, ukiigusa inaacha unga. Na kuna ya nta, laini, inateleza. Ya nta kwenye suti ya sufu haina shida, ukiweka kwenye pamba nyepesi na pasi ikapita nta inayeyuka inaingia kwenye nyuzi, unaona rangi imeondoka ila pamebaki alama ya mafuta. Kuzitofautisha ni rahisi, kwaruza kidogo juu ya karatasi nyeupe, funika na karatasi nyingine, pitisha pasi ya moto. Karatasi ikiwa na doa linalopitisha mwanga hiyo ni nta, irudishe.

Chaki ya shule ni jasi, jiwe lile lile linalochimbwa hata hapa kwetu Makanya, wilaya ya Same, na nyeupe haina ubaya wowote kwenye kitambaa cha rangi nzito. Inapigwa vumbi inatoka. Ya rangi siishauri, hasa nyekundu na bluu, rangi yake inaweza kushika kwenye kitambaa cheupe. Mstari mnene maana yake umechora na kichwa butu, isugue kwenye msasa mpaka ukingo uwe bapa kama kisu. Ikipukutika kabla hujashona usikandamize zaidi, umechora eneo kubwa na unalikunja kunja chini ya mkono wa cherehani. Chora kidogo kidogo.

Kipande cha sabuni kilichoisha, kile chembamba cha mwisho, ndo kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye khanga nyeusi na vitambaa vya bluu. Kikaushe siku kadhaa kiwe kigumu, noa ukingo kwa kisu, mstari unakuwa mweupe mwembamba na ukifua unaondoka na maji. Angalia tu kisiwe cha sabuni ya kuogea yenye mafuta mengi au ya rangi. Mche mweupe wa kufulia unatosha.

Penseli haitoki, biki haitoki

Penseli ya kawaida inawezekana ikitumika kwa adabu, ngumu kiasi, iliyochongwa, na mkono mwepesi kiasi kwamba unaona mstari kwa shida. Wengi wanakandamiza kwa sababu kitambaa kinavutwa na penseli, wanaongeza nguvu, mstari unakuwa mzito, halafu uzi mweupe unapita juu yake unachukua weusi wote. Gundisha msasa laini kwenye kipande cha ubao au kadibodi, weka chini ya kitambaa, hakitasogea na hutahitaji nguvu. Iliyoshazidi futa kwanza kwa kifutio safi cheupe, halafu sabuni ya maji na mswaki laini, bila kupiga pasi kabla.

Biki na karboni ya ofisi hapana. Hata kama ni sehemu itakayofunikwa na uzi.

Kwenye kitenge sioni mstari wowote

Hili swali la huku kwetu hasa, maana wenzetu wa nje mafunzo yao mengi wanaonyesha kwenye kitambaa cha rangi moja. Kitenge kina maua, duara, samaki, rangi tano kwenye sentimita kumi, chaki nyeupe inaonekana hapa na hapo mbele imeingia kwenye nyeupe ya kitenge imepotea. Watu wanaruka kutoka kalamu hadi kalamu na hakuna rangi itakayoonekana kote. Geuza kazi. Kitambaa cha chini ukikiweka bafta au rangi moja, chora huko, na ushone ukiwa umeangalia huko. Uzi utakaoonekana juu ya kitenge utakuwa ule wa chini, kwahiyo kwenye bobini weka rangi iliyochaguliwa kwa ajili ya kitenge, na ukaze uzi uwe sawa kwenye kipande cha majaribio kwanza maana sasa upande wa chini ndo uso.

Au usichore kabisa, fuata picha ya kitenge. Khanga ndo imekurahisishia zaidi, ina pindo lenye mistari iliyonyooka pande zote na mji wake katikati, shona kufuata ukingo wa pindo halafu endelea kuingia ndani kwa umbali ule ule.

Kitu kingine kuhusu vitenge vipya, vinakuja na wanga. Chaki inateleza juu ya wanga na wino unakaa juu juu halafu unafanya mambo usiyoyategemea. Fua kwanza, kausha, nyoosha, ndo uchore. Na ukifua utajua mapema kama rangi inachuja.

Mistari ilinyooka mezani, kwenye kwilti imepinda

Hapa chombo cha kuchorea hakihusiki sana. Umechora wakati pamba iko chini, rula inazama, kitambaa kinasukumwa mbele ya kalamu, au umechora kwa mshazari ambapo kitambaa kinavutika. Michoro ya kona na maua chora kitambaa cha juu kikiwa peke yake mezani. Mistari iliyonyooka unaweza kuisubiri mpaka matabaka yameshikwa pini, na hapo bora utumie selotepu ya karatasi ya wapaka rangi, bandika, shona pembeni yake, bandua, sogeza. Isilale usiku kwenye kitambaa na isipigwe jua, gundi inabaki na inakusanya uchafu.

Kama cherehani yako ina kile kichuma kinachochomekwa nyuma ya mguu unaokandamiza kitambaa, kile cha kuongozea umbali, basi chora mstari mmoja tu wa kwanza. Mingine yote kichuma kinafuata mshono uliopita. Alama ambayo haikupigwa haina haja ya kutolewa.

Na kuna kukunja bila rangi. Wajapani wana kifaa chao kinaitwa hera, kina ukingo butu unaobonyeza kitambaa kinaacha mkunjo. Mgongo wa kisu cha kupakia siagi, kisicho na makali, unafanya kazi ile ile kwenye pamba ya rangi moja, weka taa pembeni chini ili mkunjo utoe kivuli. Kwenye kitenge chenye maua hautauona, na kwenye poliesta mkunjo haukai.

Ukiwa na hela kidogo

Ukienda soko la Mbuyuni Moshi au la Kilombero Arusha, nunua chaki nyeupe ya udongo, kalamu moja ya bluu ya maji, na selotepu ya karatasi. Sabuni unayo nyumbani. Bluu kwa vitambaa vyeupe na vya rangi nyepesi, chaki na sabuni kwa vya giza, selotepu kwa mistari iliyonyooka na kwa chochote ambacho mteja hataki kifuliwe. Hizo kalamu nyingine zisubiri mpaka uwe na kazi maalum inayozihitaji.

Kila oda mpya kata kipande cha upana wa kiganja kutoka kwenye kitambaa chenyewe, kiwekee pamba na cha chini kama kwilti ndogo, chora na kila ulichonacho na andika pembeni kwa uzi au kwa namba ni kipi. Acha kikae siku zile zile ambazo kwilti itakaa na alama, kama ni wiki mbili basi wiki mbili, kwa sababu alama ya leo na alama ya wiki mbili hazitoki sawa. Halafu kipitishe njia yote, maji baridi, sabuni, jua, pasi, na kama mteja anasafiri na kwilti pitisha na kwenye friza. Kilichotoka safi ndo uchoree oda hiyo, na kile kipande kibane na pini kwenye daftari la oda, siku mteja akirudi na kitenge cha aina ile ile unakifungua tu.